Anaongoza mita 300, kisha wote wanampita

Mashindano ya shule sita yalifanyika Jumamosi moja mwanzoni mwa Februari, pembezoni mwa mji wa Morogoro, kwenye uwanja wa vumbi uliochorwa mistari kwa majivu. Binti wa kidato cha pili alitoka kwenye mita 400 kama mtu anayefukuzwa. Kona ya kwanza alikuwa mbele, upande wa pili wa uwanja akawa mbele zaidi. Baba yake, aliyefunga duka lake la vipuri vya pikipiki ili aje kushuhudia, akaanza kuwaambia waliokaa karibu naye kwamba yule ni wa kwake.

Zilipobaki mita kama 90, miguu ikawa mizito. Mabega yakapanda hadi masikioni, kichwa kikalala nyuma, mikono ikawa kama ya mtu anayeogelea. Wakampita wawili kwa pamoja, akaja wa tatu, na wa nne akampitia karibu kabisa na mstari. Alimaliza wa tano, akaanguka, akatapika.

Njiani kurudi nyumbani hakuna aliyesema neno. Usiku, vyombo vilipoondolewa, baba akatoa hukumu.

"Mama, mbio unazo. Unachokosa ni pumzi, na pumzi inakosekana kwa sababu ya uvivu."

Dawa nayo alikuwa nayo tayari. Kuanzia Jumatatu, saa 11 alfajiri, binti atakimbia kutoka nyumbani hadi barabara kuu na kurudi, kilomita zinazokaribia 8, na baba atakuwa nyuma yake na pikipiki akimmulikia njia. Kila siku isipokuwa Jumapili. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Jina la Tanzania kwenye riadha limejengwa na watu wa masafa. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, na Septemba 2025 Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia mjini Tokyo. Kama kilomita 42 zinawezekana kwa kujifua, mzunguko mmoja wa uwanja utashindikanaje?

Na kabla ya kumlaumu mzazi huyu, ni vizuri kujiuliza ni akina baba wangapi huamka usiku wa manane kwa ajili ya michezo ya mtoto wa kike. Wengi hata hawajui binti zao wanakimbia mbio gani.

Mama ndiye aliyeona kwanza kuwa mambo hayaendi sawa. Wiki ya tano binti alikuwa akishuka kitandani anakanyaga kwa pembeni ya nyayo kama anayetembea juu ya changarawe. Akiguswa mbele ya muundi, anaruka. Jioni analalia daftari. Kilichomshtua mama zaidi ni kwamba mwezi wa pili ulikuwa unapita na mtoto hajaona siku zake. Swali la kwanza lililomjia kichwani ni lile linalowajia akina mama wote, akamuuliza, binti akalia. Haikuwa hivyo. Mama akamwamini, lakini Jumatatu akaenda shule.

Mwalimu wa michezo pale ndiye huyohuyo mwalimu wa baiolojia, mwanamke aliyewahi kukimbia mita 200 enzi zake. Alimsikiliza mama hadi mwisho, kisha akatoa daftari dogo alilokuwa akiandikia muda wa wakimbiaji wake.

"Mama, hebu tazama hapa. Siku ile ya mashindano alipita mita 200 kwa sekunde 29.3. Unajua muda wake bora wa mita 200 peke yake ni ngapi? Ni 28.8. Yaani alikimbia nusu ya kwanza kama vile mbio zinaishia pale. Mita 100 za mwisho alitumia sekunde 20. Huyu si mvivu. Huyu alimaliza mshahara wote tarehe tano."

Maelezo aliyompa mama siku ile yanafaa kusikika kwenye nyumba nyingi, maana mtoto anayekatika mwishoni yupo karibu kila shule.

Misuli ina akiba ndogo ya nguvu ya kuanzia, inayotosha sekunde chache tu za kasi kamili. Hiyo ndiyo inayomrusha mtoto kutoka kwenye mstari. Ikipungua, mwili huanza kuchoma sukari iliyohifadhiwa ndani ya misuli kwa haraka kuliko hewa ya oksijeni inavyoweza kufika. Njia hiyo inatoa nguvu nyingi, lakini huacha nyuma hali ya uchachu ndani ya misuli. Ndio ule moto unaosikika mapajani. Baada ya sekunde 35 au 40 hivi misuli inakataa kujikunja kwa wepesi uleule, hatua zinafupika, mguu unakaa chini muda mrefu. Aliye kando anasema pumzi imekata. Mapafu yanahema kweli, lakini shida iko miguuni.

Hakuna binadamu anayelikwepa hilo. Wayde van Niekerk wa Afrika Kusini alipoweka rekodi ya dunia ya mita 400 kule Rio mwaka 2016, sekunde 43.03, mita 100 za pili alizikimbia chini ya sekunde 10. Za mwisho zilimchukua karibu sekunde 12. Hata kwenye mita 100 ni vivyo hivyo: Usain Bolt siku ya rekodi yake ya 9.58 mjini Berlin, mwaka 2009, alikimbia kutoka mita 60 hadi 80 kwa sekunde 1.61, na 20 za mwisho kwa 1.66. Mtazamaji anadhani mshindi wa mbio hizi ameongeza mwendo mwishoni. Mara nyingi amepungua kidogo kuliko wenzake, basi.

Sasa, kukimbia kilomita 8 taratibu kila alfajiri kunajenga moyo na mapafu, na kwa mtu wa masafa ndiyo kazi yenyewe. Kwa binti wa mita 400 kiasi kidogo kinafaa. Lakini mwendo ule hauifikishi misuli kwenye moto unaoikuta mita ya 300, hata mara moja. Inajifunza kwenda polepole kwa muda mrefu, ambacho sicho inachoulizwa siku ya mashindano. Halafu mifupa ya muundi ya mtoto anayekua inapigwa na barabara ngumu mara elfu kadhaa kila siku, akiwa na raba zilizokwisha soli.

Kinachotakiwa ni mazoezi ambayo makocha huyaita ustahimilivu wa kasi: kukimbia vipande vya mita 80 hadi 300 kwa kasi ya karibu sana na ya mashindano, mara chache, na kupumzika sana katikati.

Hapo kwenye kupumzika ndipo nyumba hii ilipoingia kwenye mgogoro.

Kwanza binti alipelekwa zahanati, akapewa wiki mbili za kutokimbia kabisa, na mama akashauriwa amwongezee chakula. Mbio za alfajiri zikafutwa. Baba alikubali kwa shingo upande, kwa sharti moja: aende mwenyewe kuona hayo mazoezi ya mwalimu. Akaenda Ijumaa ya kwanza ya Aprili, saa 10 jioni, akakaa juu ya jiwe karibu na goli.

Alichokiona ni hiki. Binti alitumia karibu nusu saa kupasha: kukimbia pole mizunguko miwili, kunyoosha viungo, kuruka magoti juu, kukimbia mita 40 mara tatu akiongeza mwendo kidogo kidogo. Kisha akakimbia mita 200 kwa nguvu, mwalimu akatazama saa ya simu, akaandika. Binti akatembea hadi kwenye mwarobaini, akanywa maji, akakaa. Dakika tano zikapita. Dakika nane. Dakika kumi. Anacheka na wenzake. Dakika ya kumi na mbili akainuka, akatembeatembea, akakimbia mita 200 nyingine. Akarudi kwenye mwarobaini.

Baba hakuvumilia. Akamfuata mwalimu.

"Mwalimu, samahani. Hapa tumekaa zaidi ya saa nzima, mtoto amekimbia mita 400 tu. Haya ni mazoezi au ni kijiwe?"

"Mzee wangu, keti nikueleze. Ungekuwa wewe umebeba gunia la kilo 100 kutoka hapa hadi pale, nikakwambia ulibebe tena baada ya dakika moja, ungelibeba?"

"Nisingeweza."

"Ungebeba la kilo 50 ukasema umebeba gunia. Na yeye nikimnyima pumziko atakimbia, tena atakimbia mara nane ukitaka. Lakini ya pili itakuwa ya polepole, ya tatu ya polepole zaidi, na ya nane anajikokota. Atakuwa amefanya mazoezi ya kujikokota, na siku ya mashindano atajikokota vizuri sana."

Ndivyo ilivyo. Ile akiba ndogo ya kuanzia hujirudisha kwa sehemu kubwa ndani ya dakika tatu hadi tano, lakini uchachu wa misuli huchukua muda mrefu zaidi kuondoka, na mishipa ya fahamu inayoamuru miguu ikimbie haraka nayo huchoka. Makocha wengi wa mbio fupi wanapoitaka kasi kamili huhesabu dakika moja ya pumziko kwa kila mita 10 zilizokimbiwa. Mita 120, dakika 12. Kwa vipande virefu vya mita 250 au 300 wapo wanaongoja dakika 15, hata 20. Anayeona uwanjani mtu amekaa, kazi inaendelea ndani ya paja pale alipokaa.

Ratiba ya mwalimu ilikuwa nyepesi kuliko baba alivyotarajia, na mzazi mwenye mtoto wa umri wa miaka 15 au 16 anaweza kuitumia kupima kama mwanawe anapewa kazi ya saizi yake. Jumanne mita 120 mara tatu, baadaye mara nne, kwa nguvu tisa juu ya kumi, pumziko dakika 8 hadi 10. Ijumaa mita 200 mara mbili, wiki zilizofuata 250 mara mbili, na kuelekea mashindano mita 300 moja, pumziko la dakika 15, kisha 150. Siku za katikati ni kuanza mbio mita 30, mazoezi ya tumbo na mgongo, kukimbia pole dakika 15 kwenye nyasi, au kulala tu. Siku mbili za ukali kwa wiki, zikiachana kwa angalau saa 48. Zaidi ya hapo ni uchoyo.

Daftari nalo lilikuwa na kazi yake. Kama kipande cha kwanza ni sekunde 17 na cha tatu ni 18, mazoezi yameisha hata kama ratiba inasema bado kimoja. Na kabla ya saa, macho. Mabega yakianza kupanda, taya ikikazwa, miguu ikianza kupiga chini kwa kishindo, anasimamishwa. Mtoto anayejifunza kukimbia akiwa amelegeza uso na viganja anaokoa nguvu nyingi kuliko anayekunja ngumi. Hilo lilimchukua binti wiki tatu. Mwalimu alimpa jani la mwarobaini ashike kila mkono, akimaliza na jani limesagika anacheka naye.

Jambo lingine alilorekebisha ni nusu ya kwanza ya mbio. Mwenye 28.8 kwenye mita 200 hana sababu ya kupita hapo kwa 29.3. Walikubaliana 30 na nusu. Kwa binti aliyezoea kuongoza tangu shule ya msingi hii ilikuwa adhabu, kuwaona wenzake wanatangulia naye anaruhusiwa kuwatazama tu.

Upande wa nyumbani ulikuwa na kazi yake, na mara nyingi huo ndio unaoharibu. Binti huyu alikuwa akichota maji ndoo nne kila jioni, anaosha vyombo, ndipo anafungua daftari. Mama akagawa upya: Jumanne na Ijumaa maji ni ya kaka yake. Kaka akanung'unika kwamba yeye hata mpira hajapewa likizo ya ndoo. Ana haki ya kunung'unika, lakini ndoo akachota. Saa 3 usiku taa ya binti inazimwa. Asubuhi uji wa ulezi wenye karanga au maziwa, mchana akipata ugali na maharage au dagaa ni sawa, na siku za mazoezi ndizi mbili kabla ya saa 9 ili tumbo lisiwe tupu wala lisiwe zito. Hakuna cha kopo wala cha duka la dawa. Siku zake zilirudi mwezi wa Aprili, na mama akasema hilo lilimfurahisha kuliko muda wowote wa kwenye daftari.

Ni jambo la kuangaliwa hasa. Msichana anayefanya mazoezi makali huku anakula kidogo mwili hujibana, na miongoni mwa vitu vya kwanza kuzimwa ni hedhi. Akikaa miezi mitatu bila kuiona, aende kwa daktari, asiambiwe kwamba ndivyo wanariadha walivyo. Mifupa yake hudhoofika. Maumivu ya muundi yanayobaki hata akiwa amelala, maumivu ya goti chini ya kifuniko kwa mtoto anayerefuka haraka, mshtuko wa ghafla nyuma ya paja, vyote hivyo ni vya kusimama. Mtoto wa shule ya msingi yeye asiguswe kabisa na vipande vya mita 250. Akimbie mbio za kukimbizana na kuruka kamba, mita 30, mita 40, aende kucheza.

Familia zenye selimundu zina tahadhari yao. Mtoto mwenye ugonjwa wenyewe asianze mazoezi ya aina hii bila daktari wake kusema. Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu huwa anacheza kama wengine, ila jua kali, kiu na kukimbia kwa nguvu mfululizo bila kupumzika vimewahi kuwaangusha watu wa kundi lake. Miguu ikimlegea au ikimuuma sana katikati ya mazoezi, asiambiwe akaze moyo. Akalishwe kivulini na kukimbizwa hospitali.

Anayedhani huu ni udekezaji amtazame tena van Niekerk. Kocha wake siku ile ya Rio alikuwa Ans Botha, bibi wa miaka 74, mwenye vitukuu. Kijana alipomjia alikuwa akikimbia mita 200 na kuumia misuli ya nyuma ya paja mara kwa mara, naye bibi akampeleka kwenye mita 400 ili miguu ipate nafuu. Rekodi ya dunia ilianzia kwenye woga wa bibi kwamba mtoto ataumia.

Baba aliendelea kuja na kukaa juu ya jiwe lake. Wiki ya tatu ya Aprili alikuja na saa yake mwenyewe. Wiki iliyofuata mwalimu alichelewa kwenye kikao, wakimbiaji wakamkuta mzee keshawapanga chini ya mwarobaini na anawahesabia dakika. Mmoja alipotaka kuinuka mapema, akamwambia, "Kaa, bado mbili."

Mashindano ya wilaya yalifika mwishoni mwa Mei. Nusu ya kwanza binti alipita wa nne, kwa 30.4, na watu waliomjua wakadhani anaumwa. Baba hakusema kitu, alikuwa anatazama viganja vya mtoto. Mita ya 300 alikuwa wa tatu. Kwenye mita zilezile 90 za mwisho aliyekuwa mbele yake akaanza kupandisha mabega, na binti akampita bila kuongeza chochote, kwa kuendelea tu. Aliyeshinda hakumfikia. Alikuwa wa pili kwa sekunde 63.6, kutoka 66 za Februari. Mita 100 za mwisho alitumia 17.4. Safari hii hakutapika, ingawa alikaa chini muda mrefu akishika mapaja na kusema yanawaka.

Wawili wa kwanza walichaguliwa kwenda kambi ya mkoa kujiandaa na UMISSETA. Habari hiyo ilileta furaha kwa usiku mmoja, asubuhi baba akaanza kuuliza kambini kuna mwalimu gani, wanakimbia mara ngapi kwa siku, na je, kuna mti. Hakuna aliyeweza kumjibu. Siku ya kuondoka, begi likiwa limeshafungwa na mama ameshaweka karanga kwenye mfuko wa pembeni, alichana ukurasa kwenye kitabu cha risiti za dukani, akaandika nyuma yake kwa kalamu ya wino mwekundu, akaukunja na kumpa binti ampelekee kocha wa huko.

"Shikamoo mwalimu. Huyu ni mwanangu. Mita 250 ni mbili tu. Pumziko dakika 15. Ukimwona amekaa, mwache akae."